Nuru Ipitayo Kabla ya Mapambazuko

Fundisho kwa wakatekumeni wanaojitayarisha kwa Mkesha wa Pasaka

Mtu aamkaye mapema, yapata saa kumi na moja ya alfajiri, jogoo wamekwisha kuwika na jua halijatoka, pengine huona jambo la kumstaajabisha. Nyota moja inatokea mbinguni mahali ambapo hapakuwa na kitu. Haimetimeti kama nyota nyingine, haiwaki na kuzimika kama taa za ndege, wala haina mlio wowote. Inakwenda bila kusita, inakata mbingu toka magharibi kuelekea mashariki, na baada ya dakika chache inapotelea katika weupe wa asubuhi.

Watu huulizana: Ni nini ile? Mmoja hujibu: Ni ishara. Wa pili husema: Ni roho ya marehemu. Na wa tatu, kwa sauti ya chini, husema: Ni ndege ya walozi. Kwa maneno ya namna hii ya tatu watu wasio na hatia wamekwisha kupigwa, kufukuzwa kwao, hata kuuawa. Kwa hiyo yafaa mkatekumeni ajue kwanza kitu kile ni nini hasa. Kisha atambue kinamfundisha nini mtu anayengoja ubatizo.

1. Kazi ya mikono ya watu

Ile si nyota, wala si roho. Ni chombo kilichotengenezwa na watu. Tarehe 4 Oktoba 1957 wataalamu wa Muungano wa Kisovyeti walirusha chombo cha kwanza kuizunguka dunia, jina lake Sputnik. Kilikuwa tufe dogo la metali, upana wake sentimita 58, uzito wake kilo 83 na zaidi kidogo. Siku zile watu wa nchi nyingi walitoka nje usiku na alfajiri ili wakione. Wengi walisema, «Tumeiona Sputnik.» Kumbe walichokiona kwa kawaida hakikuwa tufe lile, lililokuwa dogo mno kwa macho, bali mwili mkubwa wa roketi iliyolipeleka, ambao nao ulikuwa ukiizunguka dunia. Hawakusema uongo kwa kutaka. Waliona nuru kweli, lakini waliipa jina lisilo lake. Jambo hili litakumbukwa mbele.

Tangu siku zile vyombo vimeongezeka mno. Kilicho kikubwa kuliko vyote ni kituo cha kimataifa cha angani. Sehemu yake ya kwanza ilirushwa mwezi wa Novemba 1998, na tangu Novemba 2000 watu wamekaa ndani yake kwa zamu bila kukatika. Urefu wake ni kama mita 109, karibu sawa na kiwanja cha mpira. Kinapita juu kwa kilomita 400 hivi, karibu kama umbali wa kutoka Bukavu hata Kalemie ukipimwa kwa mstari ulionyoka. Mwendo wake ni kilomita 28,000 hivi kwa saa moja, hata huizunguka dunia nzima kwa muda wa saa moja na nusu tu. Hakianguki, kwa sababu ya mbio zake: dunia inakivuta chini, nacho kweli kinashuka daima; lakini kwa kuwa dunia ni mviringo nacho kinakwenda mbio mno, kila kinaposhuka kinaikosa, na hivyo huizunguka.

Pengine huonekana si nuru moja bali nyingi, zikifuatana kama shanga za rozari. Hizo ni satelaiti ndogo za kupitisha mawasiliano. Mwezi wa Mei 2019 satelaiti 60 za namna hiyo zilirushwa pamoja kwa roketi moja, na nyingine nyingi zimefuata. Siku za kwanza baada ya kurushwa huenda kwa safu, kisha huachana.

Lakini mbona vyombo hivi huonekana kabla ya mapambazuko na baada ya magharibi, wala si usiku wa manane? Mtu wa milimani anaweza kujibu bila kwenda shule. Yeye anajua kwamba jua hupiga kilele cha mlima kwanza, huku bondeni watu wangali gizani. Chombo kiko juu kuliko kilele chochote. Kwa hiyo jua linakifikia mapema sana, na mtu aliye chini gizani anakiona kikimeremeta. Usiku wa manane dunia yenyewe inakizuilia chombo mwanga wa jua, nacho kinapita juu ya vichwa vya watu bila kuonekana.

Na hii ndiyo sababu ya kutokea kwake ghafula. Alfajiri, kivuli cha dunia kiko upande wa magharibi. Chombo kinakuja toka magharibi kikiwa ndani ya kivuli kile, hakionekani. Halafu kinatoka kivulini, na kwa sekunde chache kinaanza kung'aa katikati ya mbingu, kana kwamba kimezaliwa pale pale. Jioni mambo hugeuka: kinaonekana vizuri, kisha kinaingia kivulini upande wa mashariki na kupotea. Hakikufa, wala hakikuanguka. Kimeingia gizani tu.

Wako watu wanaopiga picha za vyombo hivi. Huweka kamera juu ya miguu mitatu isitikisike, huielekeza mahali chombo kitakapopita, na kuacha jicho lake wazi kwa sekunde kumi, ishirini au thelathini. Ndipo nyota hutokea katika picha kama vitone vidogo, na chombo hutokea kama mstari mmoja mweupe uliokata mbingu. Wanajua saa ya kungoja, kwa maana wataalamu hupiga hesabu ya mwendo wa chombo na kutangaza mapema saa za kupita kwake juu ya kila mji. Mlozi hatangazi saa ya safari yake. Kitu kinachojulikana saa yake siku nyingi mbele si uchawi, bali ni hesabu.

2. Mfano wa mvuvi na mjane

Katika kijiji kimoja cha wavuvi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, alikuwako mvuvi mmoja mkatekumeni. Miaka yake ya mafundisho ilikuwa karibu kutimia, naye alikuwa ameandikwa miongoni mwa watakaobatizwa katika Mkesha wa Pasaka. Usiku usio na mwezi alikuwa akienda ziwani pamoja na wenzake kuvua ndagala kwa taa, na kabla ya mapambazuko walirudi ufukoni. Kwa watu wa ukingo ule, mashariki ni ziwa na magharibi ni milima. Mvuvi arudiye nyumbani huelekeza uso wake mlimani, na mapambazuko yako mgongoni mwake.

Juma lile mtoto wa mkubwa wake alikuwa amekufa kwa homa, na kilio kilikuwa hakijaondolewa. Mvuvi yule aliporudi toka ziwani aliona nuru ikitokea ghafula juu ya nyumba moja iliyo peke yake kwenye mteremko, nyumba ya mjane mzee asiye na mtoto. Nuru ikapanda, ikapita juu ya mtumbwi kimya kabisa, ikaenda zake ng'ambo ya ziwa. Alipofika ufukoni, moyo wake ukiwa bado unadunda, akasema mbele ya watu: «Nimeona nuru imetoka katika nyumba ya mama yule.»

Maneno yale yalifika kilioni kabla yake. Kufika jioni, vijana walikuwa wamekwisha kutupa mawe juu ya paa la mjane, na nyasi za paa zikang'oka. Mkubwa wake akamwita, akamwambia: «Mdogo wangu, kesho wazee wanakaa. Utasema mbele yao ulichosema ufukoni. Mtoto wangu yuko chini ya udongo, na aliyemla tunamjua.»

Mvuvi hakulala. Usiku ule ule akaenda kwa katekista, akamweleza yote. Katekista akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza neno moja: «Uliona nuru ikitoka nyumbani, au uliiona ikitokea juu ya nyumba?»

Mvuvi akanyamaza kitambo. Akajibu: «Niliiona ikitokea juu ya nyumba.»

«Na lile neno la kutoka nyumbani ulilipata wapi?»

«Nililitia mwenyewe.»

«Basi,» akasema katekista, «neno hilo moja ni lako, si la macho yako. Uliondoe kabla halijaua mtu.»

Kesho yake mvuvi akasimama mbele ya wazee, mkubwa wake akiwa ameketi mbele na nguo ya matanga. Akasema: «Wazee wangu, ufukoni nilisema zaidi ya nilichoona. Niliona nuru juu ya nyumba. Sikuiona ikitoka ndani. Nimemkosea mama huyu, na ninaomba radhi.» Watu wakapiga kelele. Wengine wakasema, «Amemwogopa padri.» Mkubwa wake akainuka, akatoka bila kumtazama, na tangu siku ile hakumwita tena kula pamoja naye.

Wazee wakabaki na shaka. Ndipo mwalimu wa shule, ambaye katika telefone yake alikuwa na saa za kupita kwa kituo cha angani, akawaambia: «Asubuhi ya tatu toka leo nuru ile itapita tena, saa kumi na moja na dakika chache. Msinisadiki mimi. Kesheni, mtazame wenyewe.» Katekista akaongeza: «Na msikae wote mahali pamoja.»

Wakachagua wazee watatu. Wa kwanza aliingia katika mtumbwi wa mvuvi, wakakaa ziwani mahali pale pale pa siku ile. Wa pili alisimama penye ufuko wa kusini pamoja na mwalimu, ambaye aliegemeza telefone yake juu ya mawe, akaiweka tayari kupiga picha. Wa tatu alipelekwa kwa mjane, akaketi uani pake, mgongo wake ukiwa umeelekea mlango wa nyumba. Jogoo wakawika. Baridi ikawa kali. Saa ikafika, na nuru ikatokea kama ilivyotangazwa.

Jua lilipotoka wazee wakakusanyika. Wa kwanza akasema: «Nimeiona juu ya nyumba ya mama, kama kijana alivyoiona.» Watu wakaguna. Wa pili akasema: «Mimi nimeiona juu ya kapela yetu.» Na mwalimu akawaonyesha picha: msalaba wa kapela ulionekana mweusi, na juu yake mstari mweupe ukipanda toka upande wa mlima. Wa tatu akasema: «Mimi nilikuwa uani pake. Nyumba yake ilikuwa nyuma yangu, na mama mwenyewe alikuwa mbele ya macho yangu akiwasha moto. Nuru imetokea mbali sana, juu ya mlima.»

Wakanyamaza wote. Kisha yule mzee wa tatu akasema tena: «Kila mmoja wetu ameiona juu ya kile kilichokuwa mbele yake. Kama nuru ile yaonyesha mlozi, basi na kapela yetu ni mlozi.» Neno lile likamaliza shauri.

Mvuvi hakutosheka na kuomba radhi kwa mdomo. Akakata nyasi, akazichukua kichwani, akaenda kuliezeka upya paa la mjane. Siku ya kwanza alifanya kazi peke yake, na siku ya pili vilevile. Mjane akamletea maji ya kunywa, akamwambia: «Mwanangu, mtoto yule nami nilimlilia. Nililia ndani, kwa kuwa niliogopa kuja kilioni.» Siku ya tatu mkubwa wake akaja na mzigo wa nyasi. Hakusema neno, aliuweka chini, akaanza kumkabidhi mdogo wake matita moja moja.

3. Mafundisho ya mfano huu

Kwanza. Amri ya nane inakataza ushuhuda wa uongo. Watu wengi hudhani mwongo ni yule tu anayebuni jambo zima toka mwanzo. Mfano unaonyesha hatari nyingine: mtu aliona kweli, akaongeza neno moja, na neno lile lilikuwa karibu kumwaga damu. Kamera huandika nuru iliyoifikia, basi; haiogopi wala haisingizii. Mkristu awe mwaminifu kuipita kamera, kwa kuwa yeye ana akili na dhamiri. Tena Kanisa linafundisha kwamba aliyemharibia mwenzake jina hana budi kumrudishia haki yake kadiri awezavyo. Kutubu moyoni ni mwanzo; paa lililobomoka lazima liezekwe.

Pili. Amri ya kwanza inamtaka mtu amwabudu Mungu peke yake. Kitabu cha Hekima katika Agano la Kale kinawasikitikia watu waliozidhani nyota na mianga ya mbinguni kuwa miungu, wasimtambue Yeye aliyeziumba. Mkristu hasomi nyota apate kujua nani atakufa na nani atatajirika, wala hamwendei mpiga ramli. Kanisa halikani kwamba Shetani yupo na kwamba anashawishi watu. Lakini Shetani hufurahi sana wanapomwinda mjane mzee kwa jina la kumwinda yeye. Na Kanisa halina hofu na elimu ya mbingu. Papa Leo wa 13 aliimarisha upya nyumba ya kuchunguza nyota ya Vatikano mwaka 1891, na hata leo mapadri na mabruda wanafanya kazi humo. Padri Georges Lemaître, Mbelgiji, ndiye aliyefundisha mwaka 1927 kwamba ulimwengu wote unazidi kutanuka. Akasoma Misa, akapiga hesabu, wala hakuona kwamba kazi moja inaizuia nyingine.

Tatu. Chombo kile hakina nuru yake. Kinang'aa kwa sababu jua limekifikia, na kinapoingia kivulini hakionekani tena. Hivi ndivyo walivyo watakatifu. Yohane Mbatizaji hakuwa yeye nuru, bali alikuja kuishuhudia. Bikira Maria, ambaye wazee wa imani walipenda kumwita nyota ya asubuhi, anang'aa kwa neema ya Mwanawe. Mkristu wa kijijini vilevile: jirani zake wangali gizani, hawajaliona jua, nao humwona yeye kwanza. Wakimwona mwaminifu, mwenye huruma, asiyesingizia mtu, watajua kwamba mahali fulani jua limekwisha kutoka. Na Jua hilo ni Kristu.

Nne. Chombo kinachoonekana alfajiri hutoka katika giza la magharibi, kikaenda kuelekea mashariki, kunakopambazuka. Wakristu wa zamani walikuwa na desturi inayofanana na safari hiyo. Mafundisho yanayotajwa kwa jina la Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu, wa karne ya 4, yanaeleza kwamba usiku wa ubatizo wakatekumeni waliambiwa wageukie magharibi, upande wa giza, wakanyosha mkono na kumkataa Shetani waziwazi. Kisha waligeuzwa kuelekea mashariki, upande wa nuru, wakaungama imani yao kwa Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Mvuvi yule alifanya safari hiyo kabla ya Pasaka yake. Aliposimama mbele ya wazee na kulikana neno lake la uongo, aliipa magharibi kisogo. Maji ya ubatizo yangemkuta amekwisha kugeuka.

Tano. Walio ndani ya kituo kile ni wanadamu wenye njaa ya mwili na ya roho. Tarehe 21 Mei 2011 Papa Benedikto wa 16 alizungumza nao toka Vatikano. Mmoja wao, Paolo Nespoli wa Italia, alikuwa amefiwa na mama yake siku chache kabla, naye yuko huko juu, asiweze kumzika. Papa akamwambia kwamba amemwombea. Mauti hufika hata kilomita 400 juu ya makaburi, na sala hufika pia. Papa Fransisko naye alizungumza na wasafiri sita wa kituo kile tarehe 26 Oktoba 2017.

Lakini lipo jambo linalopasa kumgusa mkatekumeni zaidi. Mmarekani mmoja, Michael Hopkins, alifundishwa dini akiwa mtu mzima, akapokelewa katika Kanisa Katoliki kabla ya safari yake. Alipopaa mwezi wa Septemba 2013, kwa ruhusa ya Kanisa alichukua Ekaristia Takatifu katika kichombo chake: hostia sita, kila moja imegawanywa vipande vinne, ili aweze kukomunika mara moja kila juma mpaka arudi. Basi, alfajiri za miezi ile, mtu wa kijijini aliyeinua macho na kuona nuru ikipita alikuwa akipitiwa juu na Bwana mwenyewe katika Sakramenti, asijue. Mtu yule alikuwa na vyombo vya ajabu na elimu kubwa, naye hakukubali kukaa majuma ishirini na zaidi bila Mkate ule. Mkatekumeni ambaye kapela yake iko umbali wa saa moja kwa miguu na apime njaa yake.

Sita. Mwaka 1956, kabla Sputnik haijarushwa, mtaalamu wa nyota wa Marekani, Fred Whipple, aliwakusanya watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali wavizie vyombo vitakavyopita. Hawakuwa wataalamu wote. Walikuwamo wanafunzi, mama wa nyumbani na wafanya kazi wa kila namna. Waliketi safu moja gizani, kila mmoja na darubini yake ndogo, na kila mmoja alipewa kipande kimoja tu cha mbingu. Hakuna aliyeweza kutazama mbingu yote. Lakini mmoja akisinzia, chombo kiliweza kupita katika kipande chake, na safu nzima isikione. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1975.

Bwana Yesu aliwaagiza wafuasi wake wakeshe, kwa kuwa hawajui saa ya kuja kwake, kama ni jioni, au usiku wa manane, au wakati wa jogoo, au asubuhi. Saa ya chombo cha angani hutangazwa. Saa ya Bwana haitangazwi. Na kila mtu amepewa kipande chake cha kulinda: baba, nyumba yake, mama, watoto wake, kijana, mwili wake na kinywa chake, mvuvi, ushuhuda wake ufukoni. Katekista hawezi kukesha badala ya kijiji kizima. Maria Magdalena alikwenda kaburini kungali giza, na kwa sababu alikuwa macho, yeye ndiye aliyepeleka habari ya kwanza.

4. Maswali na majibu

Swali: Nuru zinazopita mbinguni kimya kabla ya mapambazuko ni nini?
Jibu: Kwa kawaida ni vyombo vilivyotengenezwa na watu, vinavyoizunguka dunia na kung'aa kwa mwanga wa jua.

Swali: Je, nuru hizo zaonyesha nani ni mlozi?
Jibu: Hapana. Anayemsingizia mwenzake kwa sababu yake anavunja amri ya nane, na damu ikimwagika, anashiriki pia kuvunja amri ya tano.

Swali: Aliyeeneza neno la uongo afanye nini?
Jibu: Alitubu mbele ya Mungu, alikane mbele ya watu waliolisikia, na atengeneze hasara iliyotokea kadiri awezavyo.

Swali: Mkristu anang'aa kwa nuru ya nani?
Jibu: Kwa nuru ya Kristu, aliyoipokea katika ubatizo, na ambayo dhambi ya mauti huifunika.

Swali: Mkatekumeni akeshe namna gani?
Jibu: Kwa sala, kwa kuhudhuria mafundisho, kwa kuacha desturi mbaya, na kwa kulinda kile alichokabidhiwa.

5. Azimio la juma hili

Mkatekumeni aamke siku moja kabla ya mapambazuko, atoke nje, atazame mbingu kwa kitambo, akiona nuru au asipoiona. Akumbuke kama kuna mtu ambaye amemtia doa kwa neno lake. Akimkumbuka, asingoje Pasaka. Aende kwake kabla jua halijatua.

Sala ya mkatekumeni: Ee Mungu, uliyeviumba vilivyo juu na vilivyo chini, unitoe katika giza la uongo. Ukilinde kinywa changu nisiseme zaidi ya nilichoona. Wafariji wajane na wote wanaosingiziwa. Unipe kukesha hata usiku mtakatifu wa ubatizo wangu, ili nipate kuangazwa na Mwanao, Jua lisilotua, anayeishi na kutawala nawe katika umoja wa Roho Mtakatifu, milele na milele. Amina.